Mwenye Kujua Majina

Usiku wa kuamkia Ijumaa taa zote za ruta zilikuwa kijani
na hakuna kilichofunguka.
Ofisi yetu iko Mwembe Tayari, juu ya duka la matairi.
Kontena mbili za Bi Mwanasiti zimelala Kilindini
zinakula pesa kama wageni wasioaga,
na tovuti ya forodha, nikiiita, narudishiwa: jina hili silijui.

Silijui! Jina nililoliandika jana, juzi, miaka sita.

Nikampigia Kitsao. Alikuwa anakula, nilimsikia akitafuna.
"Waya mzima," akanambia. "Aliyelala ni mwenye kujua majina."

Hapo nikaelewa, kwa njia ya kwetu Kibokoni,
ambako nyumba tunaziita kwa watu, si kwa namba,
na mgeni mwenye mzigo huuliza dukani kwa Badi:
kwa Bi Shumi ni wapi?
Badi hata hainui kichwa. Kata kushoto, mlango wa buluu iliyochujuka,
ukisikia harufu ya mahamri ushapita.
Jina limeingia, mlango umetoka.
Siku Badi akifunga duka
nyumba zote zipo, na hakuna anayefika.

Badi wa kampuni ya mtandao hatukumchagua.
Alikuja na waya, kama kunguni na kitanda cha mnada.
Yuko karibu, hujibu upesi,
na kitu kikiwa Nyali hatakutuma Ufaransa kukifuata.
Lakini ana daftari:
nani kauliza daktari gani, saa ngapi,
nani katafuta chumba cha kupanga Mtwapa
na mumewe hana habari.
Tena ukikosea jina, badala ya kusema "hayupo"
anakupeleka kwa shemeji yake auzaye magodoro.

"Wako wengine," akasema Kitsao, ameshameza. "Andika."
Nane, mara nne. Au moja, mara nne. Au tisa.

Nikacheka peke yangu.
Baba alikuwa akipima mashairi kwa vidole juu ya meza ya chakula.
Nane nane nane nane: mizani nane, kipande kizima.
Moja moja moja moja: nane tena.
Tisa tisa tisa tisa, na vidole vikatosha.
Namba za kampuni nikazipima pia. Zilichechemea.

Nyuma ya risiti ya bandari, ruta ikijizima na kujiwasha, nikaandika:

Wa jirani anijua, jina langu na la mama,
Kila swali achukua, akaliweka salama,
Wa mbali hajanijua, naye ana yake njama,
Nimwambie nani leo, ninakokwenda daima?

(Baba angenigomba: kujua mara mbili katika ubeti mmoja.)

"Hao wa mbali," nikamuuliza Kitsao, "hawana daftari?"
"Wanalo. Wengine wanasema hulichoma baada ya siku moja."
Wanasema.
"Wewe umeliona jivu?"
Akanyamaza. Nikasikia maji yakimiminwa.

Nikataka kuwaweka wote wawili, wa mbali mbele, wa jirani nyuma,
kama mtu anayeoa huku hajaacha.
"Ruta haina foleni," akasema. "Humuuliza imtakaye.
Ukichagua, chagua."

Nikachagua tisa, na nafasi ya pili nikampa ndugu yake tisa.
Si kwa kumwamini. Sikumjua,
na kwa usiku ule kutojuana kulinitosha.
Saa nane na dakika kumi forodha ikafunguka.
Nikajaza fomu za Bi Mwanasiti, mkono ukitetemeka kwa kahawa.

Asubuhi nikampitia Badi, yule wa kweli, kununua mkate.
"Jana ulichelewa kurudi," akasema, akihesabu chenji.
Nikamwambia ndiyo, kazi.
Akangoja kidogo, kama mtu aliyeshika kalamu.
Nikachukua mkate.